Waya wa Nyumba ya Salkyn

Mzee Sharshen alinipigia simu asubuhi nikiwa bado nakamua, akaniambia Salkyn amefariki. Hakuzunguka. Mimi si baba mtu, kwa hiyo kwangu habari haikuhitaji kuvikwa nguo. Maporomoko ya theluji yalimfunika juzi alasiri akiwafuata ndama kijitoni, huko kwao ng'ambo ya mlima. Mumewe alimchimbua kwa koleo, kisha kwa mikono, na alipompata alikuwa ameshapoa. Redio ya kuzungumzia ilikuwapo ndani ya nyumba, lakini anayesikiliza upande wa pili ni baba wa marehemu, na baba haambiwi kwa redio. Ndipo mume huyo akapanda farasi akashuka mpaka pale simu inaposhika.

"Burulcha," Mzee Sharshen akasema, "mdogo wako anataka kwenda mjini leo kununua waya. Panda gari uende naye. Mshikilie huko mpaka jua lipinduke, tukusanye watu."

"Kwa nini asiambiwe sasa hivi?"

"Unajua kwa nini. Mtu haambiwi habari ya mwanawe na mtu mmoja mlangoni, kama anadaiwa maziwa. Tutamwambia tukiwa wengi, taratibu, kwa maneno yanayostahili. Na wewe usilie. Ukilia umeharibu kila kitu."

Nikamwambia sawa. Nikarudi kukamua, kwa sababu ng'ombe hajui msiba. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake na mimi nilikuwa mbali nayo.

Niseme wazi, desturi hii yetu niliichukia siku ile, na sijui kama nimeisamehe. Salkyn nilimlea mimi. Mama yake alikufa mtoto hajaanza kutambaa, na mimi nilikuwa nimerudi kwa baba yake, mdogo wangu Jolchubek, nikiwa mjane nisiye na mtoto. Aliota meno kwenye kidole changu. Alikuwa mwanangu kwa kila kitu isipokuwa uchungu wa kuzaa, na sasa naambiwa niende sokoni na uso mkavu.

Jolchubek nilimkuta uani akiwasha ile Niva yake ya zamani. Tangu juzi redio ilikuwa kimya, na jana kutwa nzima alikuwa akizunguka nyumba akisema neno moja: ni waya.

"Unakwenda wapi na wewe?" akaniuliza.

"Mjini. Nataka chumvi."

"Chumvi ipo gunia zima."

"Nataka nyingine. Endesha."

Hapo siku nyingine tungebishana mpaka darajani. Siku ile akanifungulia mlango.

Huo waya una kisa chake. Jolchubek alijifunza redio ujanani, kwenye klabu ya shamba la pamoja, na tangu hapo hajapona. Wakwe walipokuja kumposa Salkyn, wakasema watakaa na mifugo kwenye malisho ya baridi ng'ambo ya mlima, mahali ambapo simu haijawahi kushika tangu dunia iumbwe, akawaambia, "Binti nitawapa. Lakini anakwenda na mlingoti wa redio." Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Wenzetu wanampeleka bibi harusi na magodoro na masanduku ya nguo, sisi tukampeleka na bomba la chuma lililofungwa juu ya lori, na shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kama hilo bomba nalo litafunikwa shela.

Lakini kila jioni baada ya kukamua, kwenye saa ileile, sauti ilikuwa inakuja. "Baba, unanisikia?" Naye anajibu, "Nakusikia, mwanangu, sema." Mimi nakaa nyuma yake na soksi ninayofuma. Mambo yenyewe hayakuwa na maana yoyote. Kondoo fulani kachechemea. Mtoto kajifunza neno. Supu imeungua.

Tatizo ni kwamba siku ya harusi waya aliokuwa nao Jolchubek wa kuunga mlingoti na redio ulikuwa mweupe, wa televisheni, wa kupitishwa ndani ya nyumba. Akaufunga hivyohivyo, akaapa ataubadilisha. Ulikwaruza sauti tangu siku ya kwanza. Mkwe mwenzake, mama yake Mairambek mume wa Salkyn, akaona maungio yanaingia maji, akayapaka mafuta ya mkia wa kondoo, kama tunavyopaka hatamu na viatu. Usiku huo mbweha akaja, akatafuna mafuta na waya pamoja nayo. Mairambek alipoufunga upya, Salkyn akaja hewani akicheka hata maneno hayatoki: "Baba, mbweha amekula salamu zako." Kwa hiyo sasa, redio ikinyamaza, mtu mwenye akili timamu angesema ni waya. Hata mimi ningesema hivyo.

Njiani nilitazama dirishani, nikahesabu farasi wa watu, nikajikaza kisabuni.

Mama Khalida ana kontena lake la nyaya mwisho wa soko, na ndani amewasha jiko la makaa. Alipotuona akaweka mikono kiunoni.

"Mzee wa redio. Umekuja kunichunia waya wangu tena?"

"Nimekuja kununua."

"Kila mwaka unakuja kununua, unaondoka na mafua tu. Dada, huyu mnaishi naye vipi?"

"Tumeshazoea," nikasema. Sauti yangu ilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea.

Akamwonyesha rola nyeupe, nzuri kwa macho. Jolchubek hakuigusa. "Hii ni ya nyuma ya kabati. Kule juu jua ni kali hata wakati wa theluji. Mwaka wa pili ganda linapasuka kama kisigino, maji yanaingia, na maji yakishaingia hayakai mahali pamoja, yanatembea ndani mpaka kwenye redio. Nipe nyeusi. Nyeusi inavumilia jua."

Akampa nyeusi. Jolchubek akatoa sumaku mfukoni, akaisogeza kwenye uzi wa katikati. Ikanasa.

"Chuma," akasema. "Kimepakwa shaba juu kama mwizi aliyevaa kanzu."

"Kwa bei hiyo ulitaka dhahabu?"

Rola ya pili sumaku haikunasa. Akachuna ganda kwa kisu kidogo, akaufungua ule wavu wa shaba unaozunguka, akauelekeza kwenye mwanga. "Naona mpaka kidole changu. Wavu huu ni wa kuvulia samaki." Mama Khalida akamjibu kwamba kwenye mto wetu angepata samaki kuliko mnunuzi. Wakaendelea hivyo, na mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikitazama mikono ya mdogo wangu. Alikuwa akiukagua ule waya kama mtu anayemchagulia mgonjwa daktari. Nilitaka kumnyang'anya kile kisu na kumwambia, mwache, Jolchu, hakuna mtu. Nyumba ile haina mtu wa kusema nawe. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Binti hajambo?" Mama Khalida akauliza, akiinama kutafuta rola nyingine. "Yule alikuja wakati wa kiangazi na mtoto mgongoni, akachukua utepe wangu wa mpira kwa bei ya bure. Ana mdomo yule. Nilimwambia hamia hapa uniuzie mimi."

Nikashika ukingo wa ndoo.

"Yuko kulekule juu," Jolchubek akasema.

Rola ya mwisho ilikuwa chini kabisa, imefunikwa gunia. Iliagizwa na watu wa kupima hali ya hewa, Mama Khalida akasema, na hawakurudi kuichukua. Ilikuwa nene, nyeusi, shaba tupu katikati, wavu umesukwa mara mbili na kupakwa mafuta mazito ndani, ili hata ganda likitobolewa maji yasipate njia. Jolchubek aliichuna, akainusa, akaisugua kwa vidole. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kulaumu.

"Ni ya omu hamsini?" akauliza. Mama Khalida akamwonyesha namba zilizochapwa kwenye ganda. Za televisheni ni sabini na tano, na redio yake haizipendi.

"Basi ichukue, mzee, tufunge biashara."

"Ngoja. Imelala karibu na jiko lako. Karibu na jiko kila waya ni mpole. Ipeleke nje ipigwe baridi, halafu niikunje. Ikipasuka, siitaki."

"Itachukua muda."

"Tuna muda," akasema Jolchubek.

Nilishukuru moyoni, maana kumshikilia ndiyo kazi niliyopewa, na sikujua ningemshikilia kwa hila gani. Sikujiuliza kwa nini mtu ambaye siku zote anakimbizana na giza, anayekula amesimama ili awahi njia, amepata muda leo.

Tukaingia kwenye mgahawa wa jirani. Akaagiza tambi za kuvutwa na chai ya maziwa. Kwetu mwanamke ndiye anayemimina, na nikanyoosha mkono, lakini akachukua birika yeye, akanimiminia, akanisogezea na mkate.

"Kula, dada."

"Nakula."

"Huli. Unazungusha kijiko."

Nikala. Yeye akaanza kuzungumza habari za Salkyn, na hilo ndilo nililokuwa naliogopa tangu asubuhi. Akanikumbusha siku alipokuwa mdogo akafungua redio ya baba yake amtafute mtu aliye ndani, na alipokosa mtu akalia, akaniambia mimi kwamba baba anazungumza na sanduku tupu.

"Ulimwambia nini siku ile?" akaniuliza.

"Nilimwambia mtu yuko mbali, sauti tu ndiyo inayokuja."

"Akaamini?"

"Aliamini. Akaweka kipande cha mkate ndani ya redio, eti mtu akija asilale njaa."

Jolchubek akacheka. Nikacheka na mimi, na machozi yakanilengalenga, nikasema pilipili.

"Pilipili kali leo," akakubali. Hakukuwa na pilipili kwenye sahani yangu.

Tuliporudi, waya ulikuwa umekuwa mgumu kwa baridi, umeota umande mweupe. Jolchubek akaukunja taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, akiutegea sikio. Haukulia. Akaukunja mpaka nusu duara na ganda halikufanya hata mstari.

"Huu utatuzika sote," Mama Khalida akasema kwa furaha.

"Huu, ndiyo," akasema Jolchubek.

Akaanza kupima. Mimi nimeshika ncha, yeye anavuta kwa mikono miwili, pima baada ya pima, akihesabu kwa midomo. Kutoka juu ya mlingoti mpaka paani, kutoka paani mpaka dirisha lao. Alipofika mwisho akasema, "Ongeza pima mbili. Nitaacha kitanzi chini ya dirisha, maji ya theluji yadondoke hapo kabla hayajaingia ndani. Pale chini ya dirisha ndipo anapolala mtoto." Akanitazama. Nikaangalia ncha ya waya niliyoishika, nikaendelea kuiangalia mpaka akageuka.

Mama Khalida akamtajia bei, na Jolchubek akalipa bila kubishana. Mama Khalida alibaki ameshika noti, kama mtu aliyeibiwa kitu.

Jua lilikuwa limepinduka tuliposhika njia ya kurudi. Waya ulikuwa kiti cha nyuma, umeviringishwa, unanuka mpira mpya. Nilianza kupanga uso wangu kwa ajili ya lango: watu wamejaa uani, Mzee Sharshen mbele, na maneno yale yanayoanza mbali, kwa milima inayobomoka na tai wanaovunjika mabawa, mpaka yafike kwa mtoto wa mtu. Nilijua nikisikia tu neno la kwanza nitaanguka.

Kabla ya kijiji kuna miti michache ya mipopla barabarani, na ukiwa hapo unayaona mapaa yetu. Jolchubek akasimamisha gari, akazima injini. Tuliona magari langoni kwetu na farasi wengi wamefungwa kwenye ua.

"Dada," akasema, bila kunitazama. "Hata mlima, ukiuona umesimama, kuna siku unashuka."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Hata tai," akaendelea, na sauti ikaanza kumponyoka, "hata tai aliye juu kuliko wote, bawa lake..." Akajaribu tena. "Sijui kusema kama wazee. Wewe ndiye mama yake. Nilitaka usiambiwe na watu baki. Salkyn hayupo, dada. Salkyn wetu hayupo tena."

Alikuwa ananiambia mimi. Kutwa nzima nilikuwa namshikilia, kumbe naye alikuwa amenishikilia.

"Najua," nikasema.

Akageuka. "Tangu lini?"

"Asubuhi. Sharshen alipiga simu. Na wewe?"

"Juzi."

Akaweka mikono yote miwili kwenye usukani.

"Juzi jioni, saa yetu ileile, wewe ulikuwa bado zizini. Kitufe kilibonyezwa upande wa kule. Nikasema, nakusikia mwanangu, sema. Hakuna aliyesema. Nilimsikia mwanamume akipumua, nikajua ni Mairambek, ameshika maiki na hawezi. Na nyuma yake mtoto alikuwa anamwita mama yake. Anamwita, anaacha, anamwita tena. Wewe umewahi kusikia Salkyn hamwitikii yule mtoto? Kisha kitufe kikaachiwa." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Ule waya wa hovyo, dada. Miaka yote unakwaruza. Siku ile sauti ilikuwa safi kabisa. Haukunificha hata kitu kimoja."

"Sasa tumekwenda kutafuta nini mjini, Jolchu?"

"Kama ni waya, yu hai," akasema. "Kama ni waya, mtu ananunua mwingine, anakwenda kuufunga, basi. Nilitaka leo iwe waya. Kesho watanizuia, kila mtu atakuwa anajua. Nilitaka siku moja. Na ulipopanda gari nikasema vizuri, na yeye apate siku yake, ale tambi, hajui kitu."

Nilimpiga begani kwa ngumi. Nilimpiga tena. Sikuwa na lingine la kufanya na mikono yangu. Akaniacha nimpige, kisha akasema, "Lia sasa, dada. Mimi ninajua, wewe unajua. Huharibu kitu."

Wanasema kilio huanzia kwa mfiwa ndipo jirani akaingia. Sisi tulianzia pale kwenye mipopla, madirisha yamefungwa. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

Tulipofika langoni, Mzee Sharshen alikuja mbele na mikono kifuani, akafungua kinywa kuanza habari za mlima. Jolchubek alishuka na rola ya waya begani. Alisimama akamsikiliza mpaka mwisho, kila neno, tai na mawingu na yote, kichwa kimeinama, kwa sababu mzee wa watu alikuwa amejiandaa, na wanaume walikuwa wametoka mbali kwenye baridi. Ndipo akalia mbele yao kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Labda ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyethubutu kumpokea ule mzigo.

Kesho yake trekta lilitufungulia njia tukavuka mlima, tukamzika. Hilo sitalisimulia.

Baada ya arobaini Jolchubek alirudi kule na ule waya. Alishusha mweupe, akaupasua kwa kisu kutoka ncha hadi ncha, akiutafuta ugonjwa wake. Mairambek aliniambia kwamba alikaa kwenye theluji muda mrefu na vipande vyake mapajani. Shaba ndani ilikuwa kavu, inang'aa. Kisha akapanda mlingoti, akafunga mweusi, akaacha kitanzi chini ya dirisha kama alivyosema.

Aikanysh, mjukuu wetu, ameshajua kubonyeza kitufe. Kila jioni baada ya kukamua anakuja: "Babu, unanisikia?" Ana sauti ya mama yake, hasa kwenye neno la mwisho. Jolchubek anamjibu, "Nakusikia, mwanangu, sema." Nami nakaa nyuma yake na soksi yangu.

Ule waya ni mzuri, siwezi kuusema vibaya. Umepigwa na jua, theluji imeulalia, mbweha ameunusa akaenda zake. Haujakwaruza hata siku moja. Mimi ndiye ninayekaa pale kila jioni nikitega sikio, nikiomba ukwaruze kidogo, neno moja tu lipotee, nipate kudhani kwamba anayesema ni mama yake, na kwamba kosa lilikuwa la waya.